Mikono ya Walii

Muzee Aboubakar alisimama wima, mikono ameitanua, na Daudi akamzungushia utepe kifuani kama alivyokwisha kuwazungushia watu wasiohesabika. Ilikuwa asubuhi, kwenye baraza la duka la Mama Katungu karibu na soko kuu la Kisangani, pale Daudi alipoweka mashine yake ya kushonea miaka kumi na tisa iliyopita na hakuhama tena. Koti lililokuwa likipimwa lilikuwa la harusi. Rashidi, mtoto wa marehemu kaka yake Aboubakar, ambaye mzee huyo alimlea tangu akiwa mdogo, alikuwa amemposa Asha, binti mkubwa wa Daudi. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Vipimo vilipokwisha, Daudi alitandaza kitambaa cheusi mezani aone kama kitatosha. Alikipapasa kwa mikono miwili ili kukinyoosha, na kila mikono ilipopita ikabaki njia ya chembe nyeupe, kama unga wa muhogo uliovuja mfukoni. Akazipangusa. Zikadondoka nyingine.

“Iko nini hiyo, Papa Daudi?” Aboubakar aliuliza.

“Ngozi tu, muzee. Inakauka.”

“Tangu wakati gani?”

“Tangu zamani.”

Aboubakar alikikunja kitambaa mwenyewe, taratibu, akikishika kwa ncha za vidole, akasema amekumbuka kuna mtu wa kuonana naye mtaa wa Simi-Simi, na mambo ya koti watayaongea siku nyingine. Kisha, badala ya kutoa mkono, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka.

Daudi alibaki na utepe shingoni. Kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kujificha. Alivaa mikono mirefu hata jua likiwa kali. Kofia haikumtoka kichwani, kwa sababu chini yake nywele zilijaa magamba. Msikitini alitawadha wa kwanza au wa mwisho, asionekane akikunja nguo. Viwiko na magoti yake yalikuwa na mabaka manene ya rangi ya majivu, yenye kingo za zambarau, na mwaka huu mabaka yalikuwa yameshuka hadi kwenye migongo ya mikono na pembeni ya kidole gumba, pale pete ya mkasi inapobana kutwa nzima. Mikono ya fundi haifichiki.

Siku tatu baadaye walikuja nyumbani wanawake wawili wa upande wa Aboubakar. Walikunywa chai, wakauliza hali ya kila mtu, wakasifu mapazia. Mkubwa wao ndipo akasogeza kiti karibu na Khadija, mke wa Daudi.

“Mama Asha, usikasirike. Batu banasema maneno. Bwana yako... iko na ukoma?”

Hawakusema harusi imevunjika. Walisema tu kwamba familia inangoja kusikia.

Khadija alipomweleza mumewe, hakupandisha sauti, lakini mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua ncha ya kanga. Asha alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Msichana huyo hakulia. Alisema, “Papa, minajua haiko ukoma,” kisha akaingia chumbani, na Daudi akaona kwamba binti yake hajui, kama yeye mwenyewe asivyojua. Katika miaka ishirini na mbili ya kuugua alikuwa hajawahi kumwuliza mtu aliyesomea ngozi. Aliogopa jibu.

Dawa alikuwa ametumia nyingi. Alipaka majani aliyoletewa kutoka Yahuma. Alipaka pomadi ya kuchubua iliyouzwa sokoni kwenye kopo lisilo na jina. Ilimlainisha mwezi mmoja, kisha ngozi ikawa nyembamba kama ya kitunguu na mabaka yakarudi na ndugu zao. Miaka miwili iliyopita akaenda kwa Moïse, muuguzi mwenye kaduka ka dawa kwenye barabara yao. Moïse alimchoma sindano moja. Loo! Siku ya nane Daudi alijitazama kwenye kioo akacheka peke yake: alikuwa msafi kama mtoto mchanga. Wiki ya sita ugonjwa ukarudi kama uliokuwa umefungiwa nje. Ukashika mgongo wote, tumbo, mapaja. Akapata homa. Shuka ziliganda mwilini, na Khadija akawa anazimwagia maji ya vuguvugu na kuzibandua kidogokidogo.

Aliyemsukuma Daudi kwenda hospitali safari hii ni Mama Katungu. Mwanamke huyo wa kabila la Wanande, aliyekuja Kisangani kutoka Butembo akiwa bibi arusi, aliuza vitenge kwa jumla na hakuwa na muda wa kuzungukazunguka.

“Papa Daudi, unisikilize,” alisema, akishusha mzigo. “Kama iko ukoma, ukoma iko na dawa, na banaitoa bure. Kama haiko ukoma, alors unajificha juu ya nini? Kwa hospitali kuko munganga wa ngozi, Docteur Hélène. Anapokea siku ya mardi. Kesho iko mardi.”

“Na kama...”

“Hakuna kama. Nitaangalia mashini yako.”

Jumanne hiyo Daudi akapanda toleka, ile baiskeli ya abiria, akakaa nyuma ya mwendeshaji na mikono ameificha kwenye makwapa. Njia nzima alikuwa akipanga namna atakavyowaeleza watoto.

Docteur Hélène alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwambia avue shati, suruali, kofia, kila kitu isipokuwa chupi, na Daudi, ambaye hata mkewe alikuwa hajamwona mwangani kwa muda mrefu, akasimama amekunja mabega. Daktari hakukunja uso. Alimshika. Hilo ndilo lililomshangaza Daudi kuliko yote: alimshika viwiko kwa mikono mitupu, akapapasa magamba, akageuza kucha zake kwenye mwanga na kumwonyesha vitundu vidogo kama vya sindano.

“Funga macho, papa. Nitakugusa na pamba. Ukisikia, sema ndiyo.”

Daudi akafumba macho. “Ndiyo,” alisema. Kiwiko. “Ndiyo.” Mgongo wa mkono. “Ndiyo. Ndiyo.” Goti, katikati kabisa ya baka. “Ndiyo.” Alisema ndiyo mara nyingi, kila mara kwa sauti zaidi, maana alikuwa ameelewa kinachotafutwa.

“Fungua macho. Haiko ukoma. Mutu wa ukoma, pale kwenye baka hasikii kitu. Wewe unasikia kila mahali, na tena inakuwasha, si vile? Hii inaitwa psoriasis. Haiambukizi. Bibi yako hawezi kuipata kwako, batoto hawawezi kuipata kwa kukugusa. Haitakuua.”

Daudi alikaa kwenye kiti bila kuvaa. “Asante, Docteur. Sasa unipe dawa ya kuimaliza.”

Daktari akavuta kiti chake mbele. “Bon. Hapo njo kuko maneno. Hakuna dawa ya kuimaliza. Kuko dawa ya kuituliza. Itaenda, itarudi, utaituliza tena.”

“Ukoma unapona?”

“Unapona.”

“Na hii haiponi.”

“Haiponi.”

Daudi akacheka, kicheko kisicho na furaha, akajikuta machozi yanamtoka. Siku zote hizo alikuwa amemwomba Mungu usiwe ukoma, na kumbe ukoma ndio wenye mwisho. Daktari alimwacha amalize. Kisha akamwuliza swali ambalo hakuna mganga yeyote aliyewahi kumwuliza.

“Katika haya yote, kitu gani inakusumbua zaidi?”

Daudi akamweleza habari za kitambaa cheusi, wanawake wa chai, harusi. Akamweleza kwamba yeye ndiye walii. Kwamba siku ile, mbele ya watu wote, baba anamshika mkono mchumba wa binti yake na kutamka maneno ya kumwoza, na hawaachani mpaka yaishe. “Sasa nitamupa mutoto wa watu mukono huu?”

Docteur Hélène akaandika kidogo, kisha akaweka kalamu. Alimweleza kwamba kuna njia mbili tatu, na kila moja ina utamu wake na uchungu wake. Kuna vidonge vya kunywa mara moja kwa wiki. Vina nguvu, lakini vinataka damu ipimwe kila mara ili ini lisidhurike, na hapa mjini dawa za kupimia mara zipo, mara hazipo. Kuna mafuta: vazelini yenye dawa ya kulegeza magamba, na pomadi nyingine ya kupaka kidogo, kwa wiki chache, kisha kwa kupumzika, si kila siku maisha yote. Kuna jua la asubuhi, dakika kumi, shati likiwa limevuliwa. “Ya mafuta na jua iko polepole. Kwa wiki tano mikono itakuwa vizuri kidogo. Haitakuwa misafi. Sitakudanganya.”

“Na sindano? Moja tu, ya harusi.”

“Ulishachomwa?”

Daudi akasimulia. Daktari akatikisa kichwa polepole.

“Ile sindano inapoondoka mwilini, ugonjwa unarudi na hasira. Mara ya pili inaweza kukulaza hapa kwangu. Mimi sitakuchoma, papa. Lakini minajua mitaani kuko batu ya kukuchoma leo hii. Mwili iko wako. Nilitaka uchague ukiwa unajua.”

Akamwandikia mafuta, akamwambia azungushie pete za mkasi kitambaa laini maana pale ngozi inaposuguliwa ndipo ugonjwa unapoota, akamgongea muhuri kwenye karatasi iliyosema ugonjwa wa bwana huyu hauambukizi.

Khadija alitaka karatasi ile ipelekwe kwa Aboubakar siku ileile. Asha akakataa katakata. “Papa haiko ng'ombe ya kupeleka sokoni na karatasi ya munganga wa banyama!” Daudi akaikunja, akaitia mfukoni, akaanza kujipaka.

Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Kila asubuhi alikaa nyuma ya nyumba, kifua wazi, akihesabu dakika, na Khadija akampaka mgongo. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa shuka kujaa mafuta. Wiki ya pili magamba ya viwiko yakaanza kulegea. Wiki ya tatu viwiko vikawa laini, vimebaki na weusi tu, na kuwashwa kukapungua hata akalala bila kujikuna. Lakini mikono, ambayo kazi iliisugua na maji yaliikausha, iliendelea kupasuka. Kutoka kwa Aboubakar hakukuja habari yoyote, wala nzuri wala mbaya.

Wiki ya nne, Daudi aliporudi nyumbani mchana kula, alimkuta Moïse sebuleni. Mbele yake kulikuwa na sahani yenye pamba, spiriti na sindano iliyokwisha kuvutwa dawa. Khadija alikuwa amesimama kando, amefunga mikono.

“Mimi njo nilimuita,” alisema kabla hajaulizwa. “Papa Asha, iko siku moja tu. Siku moja mbele ya batu. Nyuma yake nitakuuguza tena, hata mwaka muzima.”

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Mwanamke huyo ndiye aliyezibandua shuka zile. Alijua anachokiomba, na alikuwa tayari kukilipa tena kwa mikono yake. Daudi alimwangalia. Akaketi. Akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja hadi begani. Moïse akalowesha pamba.

Baridi ya spiriti ilipomgusa, Daudi akauliza, “Moïse, harusi ikipita, ugonjwa ukirudi kama siku ile, utafanya nini?”

“Tutachoma tena, papa.”

“Na nyuma ya hapo?”

Moïse alishusha sindano. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wengi wa mtaa ule walikuwa wamepona malaria mikononi mwake. “Nyuma ya hapo sijue,” alisema. “Batu banakuja kwangu banataka ya haraka. Nikibaambia ya polepole, banaenda kwa mwengine.”

Daudi akashusha mkono wa shati. Akafunga kifungo.

“Mama Asha,” alisema, “nikichomwa, nitakuwa nimebadanganya siku moja, na mutoto atakaa nao maisha yote. Bataniona tu. Iko bora banione sasa.” Akachukua kofia. Chakula hakukigusa.

Alimkuta Aboubakar nyumbani kwake Kabondo, amekaa uani kwenye kiti cha nyaya, redio pajani. Mzee alizima redio. Alimwonyesha Daudi kiti kingine, kilichokuwa mbali kidogo. Daudi akaketi hapohapo alipoonyeshwa, akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akavua kofia, akaweka mikono juu ya magoti.

“Muzee, nimekuja uniangalie vizuri. Nimeugua hii miaka ishirini na mbili. Nilificha, na kuficha njo makosa yangu. Munganga ameniangalia. Haiko ukoma. Haiambukizi. Lakini haiponi, na Rashidi akioa kwangu, atakuwa na baba mukwe wa mabaka.”

Mkono wake ulikuwa njiani kwenda mfukoni kutoa karatasi, Aboubakar alipouliza:

“Alikugusa na pamba?”

Daudi akashtuka. “Ndiyo. Macho nimefunga.”

“Ulisikia?”

“Kila mahali.”

Jirani alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, na mlio wa mchi ukawa unapita ukutani.

“Mama yangu hakusikia,” mzee alisema. “Nilikuwa na miaka saba. Alikuwa anatoa chungu kwa moto na mikono mitupu, sisi batoto tunashangilia, tunasema mama iko na nguvu. Kumbe mikono ilikuwa imekufa. Siku moja bakakuja kumuchukua, bakamupeleka kwa kambi ya bakoma, mbali kule kwa mto. Baba alitukataza kumuaga. Nilisimama mlangoni. Aliniita, mimi sikuenda.” Alisugua goti lake. “Alifia kule. Donc siku ile, niliona mikono yako, nikasimama tena kwa mlango ule.”

Daudi alisema, “Pole, muzee,” na neno likaonekana dogo sana.

Aboubakar aliagiza chai. Ilipokuja, alimimina mwenyewe vikombe viwili, akanyanyua kimoja, akasita, kisha akanyoosha mkono na kumpa Daudi. Vidole vyao havikugusana. Mzee alikuwa amekishika kikombe kwa chini. Lakini alikileta mwenyewe. Wakanywa. Kuhusu harusi alisema neno moja tu: tarehe haijabadilika.

Kwa hiyo siku ilifika. Asubuhi yake Daudi alikuwa bado amepanga kumwomba mdogo wake awe wakili na kumwoza Asha kwa niaba yake. Shehe alikwisha kuambiwa, na sheria inaruhusu. Asha alipopata habari alitoka chumbani na nusu ya hina mkononi, wanawake wakimpigia kelele arudi.

“Papa, ni wewe ulinizaa ao ni tonton, mudogo yako?”

“Mikono iko inapasuka, mama. Ona.”

“Naona,” alisema Asha. “Minaiona tangu nizaliwe.”

Basi Daudi akapaka vazelini, akaenda kuketi kwenye mkeka mbele ya Rashidi, magoti kwa magoti, uso kwa uso, na shehe katikati yao. Wanaume walijaa sebule hadi barazani. Shehe aliposema wapeane mikono, Daudi alisikia chumba chote kimenyamaza, au labda ndivyo alivyodhani. Alitoa mkono wa kulia kama ulivyo. Rashidi alikuwa na woga wa bwana arusi, na alimshika kwa nguvu kupita kiasi, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Ufa ulio pembeni ya kidole gumba ukafunguka. Uliuma hadi Daudi akaona nyota. Akatamka maneno yote, neno kwa neno, jina la binti yake na jina la kijana na mahari, bila kukosea. Rashidi akajibu kwamba amekubali. Walipoachana palikuwa na tone la damu kwenye kiganja cha kijana. Rashidi aliliona, akatoa leso, akaifunga kwenye kidole cha Daudi kabla ya kujifuta mwenyewe.

“Samahani, papa. Nilikubana.”

“Hapana, mwanangu. Ulishika vizuri.”

Ikaletwa pilau, watu wakala. Aboubakar alikaa sinia moja na Daudi. Alikula upande wake, na Daudi upande wake, na Daudi hakutaka zaidi ya hapo.

Si kwamba minong'ono ilikufa. Mpaka leo wapo wateja wanaopita na vitambaa vyao kwenda kwa fundi mwingine, na yupo mwanamke mmoja aliyemwomba Mama Katungu vitenge vyake visikae karibu na mashine ile. Mama Katungu alimwambia basi aende akanunue mahali pengine, tena alimwambia kwa Kinande, ajitafutie mwenyewe wa kumfasiria.

Miezi minne baada ya harusi, Daudi alirudi kwa Docteur Hélène. Kichwa kilikuwa kimetulia, viwiko pia. Mikono ilikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Magoti hayakuwa yamebadilika hata kidogo, manene kama ngozi ya mamba. Daktari akamwuliza kama sasa anataka kujaribu vidonge, kwa kuwa vipimo vya damu vilikuwa vimepatikana.

Daudi alifikiri. Zamani angesema ndiyo kabla swali halijaisha. “Vinaweza kusafisha magoti?”

“Vinaweza. Lakini itabidi uje kila mwezi, utolewe damu.”

“Magoti nani anayaangalia, Docteur? Mama Asha tu, na yeye ameyazoea. Tuyaache. Unipe mafuta ya mikono, na ile ya kichwa. Siku nikishindwa kutembea ao kushona, nitakuja kuomba vidonge.”

“Sawa,” alisema daktari, akaandika.

Nje mvua ilikuwa imeanza kutonya. Daudi alikunja mikono ya shati isilowe, akasimama kando ya barabara akingoja toleka, na iliyotokea kwanza akaipungia kwa mkono ulio wazi.